Mama aliyeondoka kabla ya kuitwa

Sista aliisoma karatasi yangu mara mbili, akavua miwani, akanirudishia.

"Mwanangu, umeandika hapa mgonjwa wetu anasubiri dakika thelathini na nane. Mgonjwa gani huyo?"

Sikuwa na la kumjibu. Kwa miezi minne nilikuwa nakesha na modeli ya kompyuta inayoiga idara ya dharura, katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa ambayo sitaitaja, na siku hiyo nilimwendea muuguzi mfawidhi nikiwa na ripoti iliyopangwa vizuri: wastani wa kusubiri, urefu wa foleni, asilimia ya muda ambao madaktari wana kazi mkononi. Zote zilitoka kwenye programu yenyewe, kwa kubonyeza mara moja. Yeye ana zaidi ya miaka ishirini kazini. Alijua bila kompyuta kwamba mgonjwa wa dakika thelathini na nane hajawahi kukanyaga pale. Anayeletwa hapumui hupokelewa mlangoni kwa machela. Mwenye kidole kilichoteguka hukaa benchi tangu adhuhuri mpaka magharibi. Ukiwajumlisha hao wawili ukagawanya kwa mbili, unapata mtu wa tatu ambaye hayupo.

Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaosoma takwimu, kompyuta au uhandisi, ambao siku moja watapewa kazi ya kuiiga hospitali ndani ya mashine. Takwimu inayokuja tayari na programu inajibu swali la aliyeitengeneza programu. Swali la wauguzi wa zamu inabidi ulitengenezee kihesabio chake mwenyewe, na kabla ya kukitengeneza uamue nani anahesabiwa na nani anaachwa nje. Hilo la pili ndilo lililoniumiza.

Kwa asiyewahi kuiona modeli ya namna hii: unaiambia kompyuta wagonjwa wanawasili kwa nasibu, lakini kwa kasi inayobadilika saa hadi saa, unaipa idadi ya vitanda, wauguzi na madaktari, unaieleza kila shughuli inachukua muda gani na muda huo unayumba kiasi gani. Saa ya modeli haitembei dakika kwa dakika. Inaruka kutoka tukio hadi tukio: ameingia, ameitwa, amekwenda eksirei, amelazwa. Mwaka mzima wa idara unapita kabla chai yako haijapoa. Hesabu zenyewe za foleni ni za zamani. Mdenmark Agner Erlang alichapisha zake mwaka 1909 kwa ajili ya mitambo ya simu ya Copenhagen, na mpaka leo jina lake limo humo.

Modeli ya kwanza niliijenga kwenye programu ya kuunganisha visanduku, ile inayokuletea ripoti bila kuombwa. Baada ya siku ile ya Sista niliijenga upya kwa SimPy, maktaba ya bure ya msimbo kwa lugha ya programu ya Python. Matoleo yake ya sasa hayana ripoti yoyote ya tayari. Ukitaka kujua kitu, unaandika wewe mahali pa kukirekodi, na usipoandika hujui. Watu wengi huona huo ni upungufu. Mimi uliniokoa, kwa sababu kila namba iliyotoka ilinilazimu kwanza nijibu: inaanza kuhesabiwa wapi, inaishia wapi, na ni ya nani?

Nilimrudia Sista mikono mitupu. Nilimwamkia, nikamwambia sina karatasi leo, nina sikio. Akanivuta pembeni ya meza ya triaji, wagonjwa wanapopangwa kwa uzito wa hali zao.

"Zamu zangu zinabadilishana saa mbili usiku," alisema. "Hapo hapo ndipo pikipiki zinapoanza kuniletea watu. Wanaotoka wamechoka, wanaoingia wanapokea ripoti kitanda kwa kitanda, na benchi halina mtu wa kuliangalia. Nikimbakiza muuguzi mmoja mpaka saa nne, nani atafaidika? Hilo moja. La pili, wako wanaokuja halafu siwaoni tena. Hao ni wangapi?"

Maswali hayo mawili hayakuwamo katika ripoti yangu ya kurasa kumi na moja.

La kwanza lilikuwa na ngazi zake tayari. Idara ile inapanga wagonjwa kwa rangi za mizani ya triaji ya Afrika Kusini, iliyoanzia Cape Town mwaka 2004: mwekundu aonwe papo hapo, wa machungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa moja, wa kijani ndani ya saa nne. Vipimo vinne vya watu wanne tofauti. Na kwa kuwa wa njano na wa kijani ndio wengi, wastani wa jumla unawasikiliza wao. Mabadiliko yanayoweza kumwokoa wa machungwa yanapita humo bila kuonekana. Kwa hiyo kihesabio changu cha kwanza kilikuwa rahisi mno: kila wa machungwa anapoguswa na muuguzi au daktari kwa mara ya kwanza, andika 1 kama ni ndani ya dakika 10, andika 0 kama zimepita. Ukigawa jumla kwa idadi yao, una sehemu ya walioonwa kwa wakati. Nikakigawanya kwa saa ya kuwasili, ili saa mbili usiku isifichwe na saa kumi alfajiri.

Lakini dakika 10 tangu lini? Hapo ndipo niliacha kompyuta nyumbani, nikachukua daftari na saa ya mkononi, nikakaa karibu na geti kwa usiku sita.

Saa ya mfumo wa hospitali inaanza pale karani wa usajili anapobonyeza kuhifadhi. Kabla ya hapo, niliona kwa macho: mlinzi anauliza wanakwenda wapi, pikipiki inaingia, ndugu mmoja anakimbilia dirishani na kadi ya bima, mwingine anabaki amemshika mgonjwa begani, karani anauliza herufi za jina, mtandao wa bima unagoma, wanaambiwa wasubiri. Mgonjwa yuko ndani ya jengo, damu inachuruzika kwenye sakafu, na kwa mujibu wa data bado hajafika. Modeli yangu ilikuwa imelingana na data ya hospitali vizuri sana. Msimamizi wangu wa chuo alinisifu kwa hilo. Zililingana kwa sababu zote mbili zilianza kuhesabu mgonjwa akiwa amekwisha kuchelewa. Tangu hapo modeli yangu ina saa mbili kwa kila mgonjwa, ya geti na ya usajili, na nikitoa namba nasema ni ya saa ipi.

Usiku wa tatu alikuja mama mmoja na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na homa; ungeijua kwa namna kichwa kilivyolala bila nguvu kwenye bega. Alisajiliwa, akapimwa joto, akapewa rangi ya kijani, akaketi mwisho wa benchi. Kila mlango ulipofunguliwa aliinuka nusu, akaketi tena. Ikaja pikipiki na majeruhi wawili, nyuma yake bajaji na wa tatu, wauguzi wote wakaingia ndani. Ilipokaribia saa nne usiku alifungua fundo la pindo la khanga, akahesabu sarafu, akamuuliza mlinzi kama daladala bado zipo, akaondoka. Hakuna aliyemwona akiondoka isipokuwa mlinzi na mimi. Niliandika saa kwenye daftari kwa sababu ndiyo kazi iliyonileta.

Kesho yake nikaitafuta safu yake kwenye data. Ilikuwapo: umri wa mtoto, saa ya kuingia, rangi. Halafu tupu, tupu, tupu. Nikazitambua safu za namna ile. Siku ya kwanza kabisa kupewa faili la hospitali, nilikuwa nimeandika mstari mmoja wa msimbo wa kufuta kila safu isiyokamilika, kama tulivyofundishwa, na kwenye taarifa yangu nikauita usafishaji wa data. Kwa mstari ule mmoja niliwafuta wote waliochoka kusubiri. Na si hao tu. Aliyefariki akiwa benchini naye hana saa ya kuonwa na daktari. Safu yake nayo ilikuwa imekwenda.

Ilinichukua siku tatu kupata ujasiri wa kumwambia Sista. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi sasa warudishe."

Tazama ubaya wake kwa hesabu ndogo. Chukua wagonjwa kumi. Saba wameonwa, kila mmoja baada ya dakika 20. Watatu wamengoja saa mbili, wakaondoka. Ripoti ya tayari inarekodi kusubiri pale mtu anapotoka foleni kuingia kwa daktari, kwa hiyo inawaona saba na kukuambia wastani ni dakika 20. Ukiwaingiza wale watatu kwa dakika 120 walizokaa, wastani unapanda hadi 50. Na hata hiyo 50 ni sakafu tu, maana wangebaki wangengoja zaidi ya hapo. Kuna baya zaidi. Kila anayeondoka anafupisha foleni ya waliobaki, basi idara inayokatisha watu tamaa inaweza kuonekana ya kasi. Nilijaribu makusudi: nikapunguza muuguzi mmoja kwenye modeli, nikawapa wagonjwa uvumilivu mfupi, na wastani wa walioonwa ukawa mzuri kuliko mwanzo. Nilikaa kimya mbele ya ile skrini kwa muda. Mtu angeweza kuipeleka ile namba kwenye kikao na ikapitishwa.

Kwa hiyo kila mgonjwa wa modeli yangu sasa ana mlango wa kutokea unaotajwa: ameruhusiwa, amelazwa, amepewa rufaa, ameondoka bila kuonwa, amefariki, au bado yumo wakati modeli inasimamishwa. Huyo wa mwisho husahaulika sana. Unaposimamisha modeli, walio kwenye foleni hawajarekodiwa popote, na mara nyingi ndio waliokaa muda mrefu kuliko wote. Jumla ya milango sita lazima ilingane na jumla ya walioingia. Isipolingana hata kwa mtu mmoja, sitoi namba yoyote siku hiyo.

Kabla sijaendelea, niseme jambo la saa, maana sijaliona likiandikwa na linatuhusu sisi hasa. Katika grafu ya kuwasili kulikuwa na nundu saa nane usiku. Niliwauliza wauguzi ni kitu gani kinaleta watu saa nane usiku, kila mmoja akashangaa. Ndio muda wanaopata kikombe cha uji. Chanzo kilikuwa umeme. Ukikatika, usajili unaandikwa kwa mkono kwenye daftari kubwa, na kesho yake mtu anauingiza kwenye mfumo. Aliyeandika kwa mkono aliandika "2:15", akimaanisha saa mbili na robo kama sote tunavyosema. Aliyeingiza aliona 2:15, akaandika 02:15. Saa mbili ya usiku, na wakati mwingine saa mbili ya asubuhi, ikageuka saa nane ya usiku wa manane. Nilizirekebisha kwa namba za mfululizo za daftari: safu iliyo kati ya 19:50 na 20:40 haiwezi kuwa ya alfajiri. Nundu ya uongo ikayeyuka, na mlima wa saa mbili usiku ukasimama palepale Sista alipousema. Kama unafanya kazi hii kwetu, liangalie hilo kabla ya kitu chochote. Hakuna programu itakayolijua kwa niaba yako.

Sasa chumba cha wekundu, chenye vitanda vitatu. Humu ndimo nilimojifunza kwamba takwimu zina koo mbili na hazioani. Ziko zinazohesabiwa kwa mtu: kila anayepita anaacha namba moja, unajumlisha, unagawa kwa idadi ya watu. Ziko zinazohesabiwa kwa muda: vitanda vilivyojaa, watu waliomo foleni. Hizo huwezi kuzijumlisha kila zinapobadilika ukagawa kwa idadi ya mabadiliko. Inabidi kila kiwango ukizidishe na muda kiliodumu, ndipo ugawe kwa muda wote. Nilizichanganya mwanzoni, na namba zangu za vitanda zilikuwa upuuzi uliovaa suti.

Chukua siku moja. Kwa saa 6 vitanda vyote vitatu vimejaa. Kwa saa 18 zilizobaki kimoja tu kina mtu. Zidisha na ugawe: wastani ni kitanda kimoja na nusu, yaani nusu ya chumba. Ripoti ya tayari itaandika matumizi asilimia 50, na kiongozi yeyote atasema vitanda vinatosha. Nikaongeza kihesabio cha pili: ni sehemu gani ya siku chumba kimejaa kabisa? Saa 6 kati ya 24, asilimia 25. Halafu cha tatu, ambacho kwangu ndicho chenye maana: kila mwekundu anapofika mlangoni, andika kama amekuta kitanda au hajakuta. Wekundu hawaji kwa usawa mchana na usiku. Wanakuja jioni, saa zilezile chumba kinapojaa. Kama siku ile wamefika wekundu 10, na 6 kati yao wameangukia zile saa 6, basi asilimia 60 ya wekundu wamekuta chumba kimejaa. Chumba kilekile, siku ileile: 50, 25, 60. Nilipomwonyesha Sista namba tatu hizo aliweka kidole kwenye ile ya mwisho. "Hii ndiyo ninayoiota," alisema. Vitabu vinaeleza ni wakati gani anachokikuta mgonjwa kinalingana na wastani wa muda: wanaowasili wawe wa nasibu kwa kasi isiyobadilika. Idara ya dharura haijawahi kuwa na kasi isiyobadilika.

Kihesabio unachokiandika mwenyewe kinaweza kukosea, na hakina kiwanda kilichokikagua. Changu cha watu waliomo benchini kilipanda siku baada ya siku. Siku ya sitini ya modeli benchi lilikuwa na mamia ya watu, wakati foleni yenyewe ilikuwa na wanane. Kilichonisaidia ni kanuni ya John Little, aliyoithibitisha mwaka 1961: idadi ya wastani ya waliomo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa wastani wa kukaa. Wakiingia sita kwa saa na kila mmoja akikaa saa tatu, ndani kuna kumi na wanane. Haijali rangi, haijali foleni imepangwaje. Niliichukua kasi, nikauchukua muda, nikazidisha, na jibu likawa mbali kabisa na kihesabio changu. Nikafuatilia mstari kwa mstari. Nilikuwa naongeza mmoja kila anapoketi, napunguza mmoja kila anapoitwa, na sikupunguza chochote anapokata tamaa na kuondoka. Wale wale tena. Kwenye data niliwafuta, kwenye modeli niliwaacha wamekaa milele.

Sasa kila kihesabio cha foleni nakipima kwa Little kabla ya kukiamini. Ni dakika tano za kazi.

Kuna kosa jingine lililonigharimu wiki mbili, na naomba alisome vizuri yeyote anayeanza. Modeli inaanza idara ikiwa tupu, jambo ambalo kwa idara inayofunguliwa saa 24 halitokei kamwe. Siku za mwanzo zinakuwa nzuri kupita kiasi, basi tunaziruhusu zipite bila kuzihesabu, tunaita kuipasha moto modeli, ndipo tunafuta takwimu na kuanza upya. Programu inafuta za kwake. Zile ulizoandika wewe haizijui, zinabaki na uchafu wa siku za mwanzo mpaka uandike amri ya kuzifuta. Nami nikaiandika, kwa pupa: kila kihesabio kirudi sifuri. Foleni ikarudi sifuri wakati benchini kuna watu tisa. Hao tisa walipoitwa mmoja mmoja, namba ikashuka chini ya sifuri, na kwa miezi yote iliyofuata ya modeli foleni ilipungukiwa watu tisa. Kinachofutwa ni mkusanyo, ile jumla ya kiwango mara muda. Kiwango chenyewe hakiguswi, kwa sababu watu bado wamekaa pale. Nilikuja kuligundua hilo kwa kuchora mstari wa foleni kwenye karatasi na kuona unapita chini ya mhimili.

Marudio nayapitia haraka. Endesha modeli mara nyingi, kila mara kwa bahati tofauti, chukua namba moja kutoka kila rudio, kisha utoe wastani pamoja na upana wa shaka yake. Usichukue wagonjwa elfu kumi wa rudio moja ukawaona ni mashahidi elfu kumi wanaojitegemea. Aliyengoja saa tatu na aliyemfuata wamengoja kwa sababu moja. Na unapolinganisha mipango miwili, wape wagonjwa walewale: dakika zilezile za kufika, majeraha yaleyale. Tofauti itakayobaki ni ya mpango.

Msimamizi wangu alishauri tutoe kizingiti kimoja kwa idara nzima, kama Uingereza na saa zake nne. Namheshimu, lakini hapa tulibishana. Kule lengo kwamba mgonjwa awe ametolewa au amelazwa ndani ya saa nne tangu afike lilitangazwa katika mpango wa afya wa mwaka 2000, baadaye likawekwa kwenye asilimia 98 ya wagonjwa, likashushwa hadi 95 mwaka 2010, na hospitali zilijitahidi kweli. Lakini ukiichora grafu ya muda wa kukaa wa miaka ile, unaona mnara wa watu wanaotolewa au kulazwa dakika chache kabla ya saa nne kutimia. Namba moja ya kukata inavuta kazi yote kuelekea kwake. Anayekaa saa nne na dakika moja na anayekaa saa kumi na tatu wanakuwa sawa mbele yake. Nilitaka vizingiti vinne vya rangi, na pembeni yake ile namba ambayo wagonjwa tisa kati ya kumi wako chini yake, ili mkia wa waliokaa kupita kiasi uonekane. Ndivyo tulivyofanya mwishoni.

Basi nikaendesha swali la Sista. Wagonjwa walewale, mara moja na muuguzi anayebaki mpaka saa nne usiku, mara moja bila yeye. Wastani wa jumla haukusogea kiasi cha kusemwa. Kama ningebaki na ripoti ya kwanza, ningemwambia mpango wake hauna faida. Lakini wa machungwa waliofika kati ya saa mbili na saa nne usiku walionwa ndani ya dakika 10 kwa sehemu kubwa zaidi, na ikawa hivyo katika kila rudio bila hata moja kupinga. Wa kijani walioondoka bila kuonwa walipungua pia, kwa sababu yupo mtu wa kulipitia benchi.

Nilimpelekea karatasi moja tu, yenye jedwali la saa na rangi. Aliisoma mara moja.

Mpango ulijaribiwa. Sitadai matokeo yake, kwa sababu mwezi ule ule mambo mengine mawili yalibadilika na siwezi kuyatenganisha. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba Sista alichukua rula na kalamu nyekundu, akaongeza safu kwenye daftari la mapokezi, akaandika juu yake AMEONDOKA, SAA, na chini yake kwa herufi ndogo: saa za 24. Akamwelekeza muuguzi anayebaki kwamba kazi yake ya kwanza ni kupita benchi kila nusu saa na kuita majina.

Nilikuwapo wiki ya kwanza ya safu ile. Jina la tatu lilikuwa la mtoto wa miaka miwili, homa, kijani, ameingia 20:10, ameondoka 21:50. Karibu yake kulikuwa na namba ya simu. Sista alimaliza ripoti ya asubuhi, akakaa kwenye kiti cha triaji, akapiga. Iliita muda mrefu. Mama alipopokea alisema mtoto amelala, joto limeshuka kidogo, alimpa dawa ya maji aliyokuwa nayo nyumbani. Kisha akauliza kama asubuhi hii foleni ni fupi, aje naye.

"Njoo sasa hivi," Sista alimwambia, "ukifika geti uliza Sista wa zamu." Akaandika jina lake kwenye kiganja.